Nje ya Uwanja: Maisha ya Kila Siku ya Gladieta wa Roma katika Matini za Wasomi na Maandishi ya Makaburini

Utangulizi

Mnamo mwaka 1940 mwanahistoria Mfaransa Louis Robert alichapisha mkusanyiko wa maandishi na sanamu za mawe zinazohusu gladieta katika sehemu za dola ya Kirumi ambako Kigiriki ndicho kilichokuwa lugha ya maisha ya umma. Mengi ya maandishi hayo ni mafupi mno. Hutaja jina la mtu, aina ya silaha alizotumia, idadi ya mapambano aliyopigana, na kisha jina la yule aliyelisimamisha jiwe, ambaye mara nyingi ni mkewe. Yakisomwa moja moja hayana uzito mkubwa. Yakisomwa kwa pamoja huzua swali ambalo fasihi mashuhuri ya Kilatini haikujishughulisha nalo: ikiwa gladieta alikuwa mateka aliyefungiwa akingoja siku ya kuuawa, mke huyu alitoka wapi, na jiwe hili lililipiwa na nani?

Makala haya yanashikilia kwamba gladieta anayefahamika na wengi ni kiumbe wa kifasihi, aliyesawiriwa na waandishi wa tabaka la juu kwa haja zao wenyewe. Maisha yake ya kila siku, yaani alikolala, alichokula, aliyemtibu, aliyemwoa na aliyemzika, hayana budi kutafutwa katika matini za aina nyingine: sheria, vitabu vya tiba, michoro ya kutani, mifupa, na zaidi ya yote maandishi ya makaburini. Hata hivyo matini hizi za pili nazo zina kaida zake na hila zake. Kuzisoma kana kwamba ni sauti tupu ya gladieta mwenyewe ni kulirudia kosa lile lile kwa sura nyingine.

Istilahi yenyewe imetoholewa kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa upanga. Mtu huyo ni sharti atenganishwe na makundi mawili ambayo aghalabu huchanganywa naye. Kundi la kwanza ni la wahalifu waliohukumiwa kufa, ambao waliuawa hadharani wakati wa adhuhuri pasi na ngao wala kofia. Kundi la pili ni la wale waliopambana na wanyama saa za asubuhi. Barua maarufu ya Seneca inayolaani ukatili wa uwanjani, ambayo imenukuliwa mara nyingi kama ushahidi dhidi ya mapambano ya gladieta, kwa hakika inaeleza mauaji ya adhuhuri. Gladieta alikuwa kitu kingine: mtu aliyefunzwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa.

Gladieta wa Wasomi

Mapambano ya kwanza yaliyorekodiwa mjini Roma yalifanyika mwaka 264 K.K., katika mazishi ya Decimus Junius Brutus Pera, ambapo wanawe walipambanisha jozi tatu za watu. Kufikia zama za Cicero, karne mbili baadaye, desturi hii ya matanga ilikuwa imegeuka kuwa silaha ya kisiasa, na gladieta alikuwa amekwisha kuingia katika lugha ya balagha kama tusi. Kumwita mpinzani wa kisiasa gladieta kulikuwa ni kumvua heshima zote. Wakati huo huo Cicero huyo huyo, katika mijadala yake ya kifalsafa aliyoiandika mwaka 45 K.K., anamtumia gladieta kama kielelezo cha uvumilivu wa maumivu. Muundo wa hoja yake wafaa kuangaliwa kwa makini. Anaanza kwa kusema kwamba gladieta ni watu walioharibika au washenzi, kisha anauliza: ikiwa watu wa namna hii wanaweza kupokea pigo bila kulia, muungwana atashindwaje? Hoja nzima imesimama juu ya udhalili wa gladieta. Ukiuondoa udhalili huo, hoja inaanguka.

Seneca anaendeleza mtindo uo huo. Kiapo cha gladieta, ambacho mtu alikubali kwacho kuchomwa moto, kufungwa na kuuawa kwa chuma, kinageuzwa katika barua zake kuwa kiapo cha mwanafalsafa anayejisalimisha kwa wema. Petronius, aliyeishi zama zizo hizo, anakiweka kiapo hicho katika vinywa vya matapeli wanaopanga kuwalaghai wawindaji wa urithi kwa kumsingizia mmoja wao kuwa tajiri asiye na mrithi. Kiapo kilichofunga maisha ya maelfu ya watu kimehifadhiwa, basi, katika waadhi mmoja na kichekesho kimoja.

Hata hivyo mwandishi huweza kuhifadhi asichokikusudia. Juvenal, katika dhihaka yake ndefu dhidi ya wanawake, anamtaja Eppia, mke wa seneta, aliyetoroka na gladieta Sergius hadi Misri. Ili kumwonyesha Eppia kuwa mpumbavu, Juvenal anamchora Sergius kama mtu asiye na uzuri wowote: mkono wenye jeraha, uso ulioharibika kwa kusuguliwa na kofia ya chuma, jicho linalotiririka machozi daima. Hizi ni sifa za kuchekesha kwa wasomaji wa Juvenal. Kwa mtafiti wa maisha ya kila siku ni orodha ya madhara ya kazi, kama vile sugu za mkulima au kikohozi cha mchimba mawe. Sergius amevaa kofia ile kwa miaka, mazoezini kuliko vitani.

Mfano mwingine ni wa kuhuzunisha zaidi. Katika barua inayojadili uhuru wa mtu kujitoa uhai, Seneca anasimulia kisa cha Mjerumani mmoja katika shule ya wapiganaji wa wanyama, ambaye alipokuwa akiandaliwa kwa maonyesho ya asubuhi alikwenda msalani, akachukua kijiti chenye sifongo kilichotumiwa kujisafishia, akajisukumia kooni na kufa. Seneca anamsifu kwa ushujaa. Lakini katikati ya sifa hizo anaeleza kwamba msalani ndipo mahali pekee ambapo mtu huyo aliruhusiwa kwenda bila mlinzi. Sentensi hiyo moja inaeleza ulinzi wa shule kwa uwazi ambao hauonekani katika kitabu chochote cha falsafa. Mjerumani hana jina. Seneca hakulihitaji.

Ipo pia ile salamu ya wanaokwenda kufa kwa mfalme wao, ambayo riwaya na filamu zimeifanya kuwa ada ya kila pambano. Suetonius anaihusisha na tukio moja tu, vita vya majini vya maonyesho alivyoviandaa mfalme Claudius katika ziwa Fucinus mwaka 52 B.K., na waliosalimu walikuwa wafungwa, wala si gladieta wa kawaida. Tukio moja limekuwa picha ya karne saba.

Bei ya Mwili

Wanasheria hawakuwa na haja ya ushujaa. Walitaka kujua nani anamdai nani. Gaius, aliyeandika katikati ya karne ya 2 B.K., anatoa swali kwa ajili ya wanafunzi wa sheria. Mtu ametoa gladieta wake kwa masharti kwamba kwa kila atakayetoka salama atalipwa dinari 20, malipo ya jasho lake, na kwa kila atakayeuawa au kulemazwa atalipwa dinari 1,000. Je, mkataba huo ni wa kukodisha au wa kuuza? Jibu la Gaius ni kwamba ni wa kukodisha kwa wale waliosalimika na wa kuuza kwa wale waliouawa au kulemazwa, na kwamba tukio lenyewe ndilo litakaloamua. Kwa maneno mengine, asubuhi ya maonyesho haikujulikana kisheria kama mtu amekodishwa au ameuzwa. Ilijulikana jioni.

Mfano huu wa darasani una ukatili wake, lakini pia unaeleza kwa nini gladieta wengi hawakufa uwanjani. Kifo kilimgharimu mwandaaji wa maonyesho mara hamsini ya gharama ya uhai. Georges Ville, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 1981 baada ya kifo chake, alikadiria kwamba katika mapambano 100 ya karne ya 1 waliuawa watu 19 kati ya 200. Katika karne ya 3 hali ilikuwa mbaya zaidi. Hata uwiano wa karne ya 1 si mdogo kwa mtu anayerudia kamari hiyo kila msimu, lakini ni tofauti kabisa na ile dhana kwamba kila pambano lilitoka na maiti.

Kwa wenye mali hii ilikuwa biashara kama nyingine. Mwaka 56 K.K. Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus, mtu yule yule ambaye watumwa wake walinakili vitabu, akimpongeza kwa kikosi cha gladieta alichokinunua na kusema kwamba kama angalikubali kukikodisha angalirudisha gharama zake kwa maonyesho mawili tu. Yule aliyekiishi kikosi hicho kwa kazi, yaani mfanyabiashara wa gladieta, alidharauliwa sawa na gladieta wenyewe, na sheria za miji zilimzuia kushika wadhifa. Atticus alibaki muungwana. Mwaka 177 B.K., chini ya Marcus Aurelius na mwanawe Commodus, baraza la seneti liliweka kikomo cha bei za gladieta, na nakala ya shaba ya uamuzi huo ilipatikana Italica, nchini Hispania, mwaka 1888. Humo imo ibara isiyotajwa sana: gladieta alikuwa na haki ya sehemu ya fedha za ushindi, robo ikiwa ni mtu huru, na moja ya tano ikiwa ni mtumwa. Mtumwa mwenye fungu lake kisheria aweza kumlipa mchonga mawe.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kuwapo kwa watu huru katika shule hizo. Hawa walijikodisha kwa mwenye shule kwa kiapo na kwa fedha, na kwa kufanya hivyo wakapoteza heshima yao ya kiraia. Baadhi yao walikuwa gladieta waliokwisha kuachiliwa na kukabidhiwa upanga wa mti, alama ya kustaafu, kisha wakarudi. Sababu za kurudi kwao hazina budi kuwa zilitofautiana, ila haihitaji ubunifu mkubwa kuona kwamba mtu aliyefunzwa kazi moja tu, kazi inayomfungia milango mingine yote, hana pengi pa kwenda.

Shule, Uji na Majivu

Makao ya gladieta yanafahamika zaidi kutokana na sehemu tatu. Mjini Roma, shule kuu ilijengwa kando ya Kolosai wakati wa Domitian, na mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1937. Njia ya chini ya ardhi iliiunganisha na uwanja. Huko Pompeii, ua mkubwa wenye nguzo nyuma ya ukumbi wa tamthilia uligeuzwa kuwa kambi ya gladieta baada ya tetemeko la mwaka 62, na wachimbaji wa karne ya 18 walipata humo kofia za shaba zenye nakshi na kinga za miguu. Walipata pia mifupa ya mwanamke mwenye vito. Kutokana na vito hivyo kilibuniwa kisa cha bibi tajiri aliyefumaniwa na mlima Vesuvius akiwa kwa mpenziwe. Mwanamke huyo alikuwa katika chumba kimoja na watu wengi wengine, na yaelekea alikuwa mkimbizi aliyetafuta paa. Inaonekana kwamba hata wachimbaji walikuwa wamemsoma Juvenal.

Sehemu ya tatu ni Carnuntum, karibu na Vienna, ambako mwaka 2011 rada ya kupenya ardhini ilionyesha shule nzima ikiwa bado imefunikwa na udongo: vyumba vidogo zaidi ya 40, uwanja wa duara wa mazoezi, bafu, na ukumbi uliopashwa joto kutoka chini ya sakafu. Usanifu huo una mambo mawili ndani yake ambayo ni vigumu kuyapatanisha. Vyumba ni vya jela. Bafu na joto ni vya mahali ambapo miili inatunzwa kwa sababu ina thamani.

Mazoezi yalifanywa mbele ya nguzo ya mti, na neno la Kilatini la nguzo hiyo ndilo lililotumika kutaja daraja la gladieta: mpiganaji wa daraja la juu kabisa aliitwa wa nguzo ya kwanza. Kila aina ya silaha ilikuwa na mwalimu wake. Kikosi kizima kiliitwa familia, neno ambalo kwa Kilatini lilimaanisha kwanza jumla ya watumwa wa nyumba moja. Wanafamilia hao walikula pamoja na kufanya mazoezi pamoja, na aghalabu walipambanishwa wao kwa wao.

Chakula chao kiliwachekesha watu. Pliny Mkubwa anaeleza kwamba waliitwa kwa utani wala shayiri. Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon, anathibitisha utani huo kwa lugha ya kitabibu. Aliteuliwa kuwatibu gladieta wa mji wake mwaka 157, akiwa na umri wa miaka 28, na kikosi hicho kilikuwa mali ya kuhani mkuu wa ibada ya mfalme. Anasema kwamba gladieta walikula kila siku uji mwingi wa maharagwe na shayiri, na kwamba chakula hicho kiliwapa nyama isiyokazana. Galen hakukipenda. Lakini mwili wenye mafuta kidogo juu ya misuli huweza kukatwa na kutoa damu bila kudhuriwa sana, na huenda wenye shule walilijua hilo kwa tajriba hata kama tabibu hakulipa uzito. Kuhusu majeraha, Galen anaeleza jinsi alivyoyafunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa divai na kuhakikisha havikauki, na anajisifu kwamba chini yake vifo vilipungua sana. Tabibu anayejisifu hana budi kusomwa kwa tahadhari. Makuhani waliofuatana, hata hivyo, waliendelea kumwajiri.

Kwa muda mrefu maneno ya Galen na Pliny hayakuwa na cha kulinganishwa nacho. Mwaka 1993 wanaakiolojia wa Austria walichimbua kaburi la pamoja la gladieta huko Ephesus, kwenye njia iliyounganisha mji na hekalu la Artemis. Mifupa ya watu zaidi ya 60, wengi wao wanaume wa miaka 20 hadi 30, ilichunguzwa na Karl Grossschmidt na Fabian Kanz wa Vienna. Matokeo ya kemia, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha watu waliokula nafaka na kunde zaidi ya nyama, jambo ambalo halikuwatofautisha sana na raia wengine wa Ephesus. Tofauti ilikuwa katika madini ya strontiamu, ambayo yalikuwa mengi zaidi kwa gladieta, na maelezo yanayokubalika ni kwamba walikunywa kinywaji cha majivu. Pliny anakitaja kinywaji hicho, akisema gladieta walikinywa baada ya michezo. Mafuvu mengine yana majeraha ya kufisha. Mengine yana majeraha yaliyopona vizuri, mfupa ukiwa umejifunga bila usaha, alama ya mganga aliyejua kazi yake na ya miezi mingi ya kupumzishwa. Juu ya miezi hiyo hakuna mwandishi hata mmoja wa Kilatini aliyetunga chochote.

Michoro ya kutani ya Pompeii inajaza sehemu ndogo ya pengo hilo. Katika nyumba iliyotumiwa na gladieta kabla ya kambi mpya kufunguliwa, maandishi yaliyokwaruzwa kwenye nguzo yanamsifu Celadus kuwa ndiye wanawali wanayemhemea, na Crescens, mwenye wavu, kuwa ndiye bwana wao. Sifa hizi zilinukuliwa na vizazi vya wasomi kama ushahidi wa wanawake kuwapapatikia gladieta. Mahali zilipoandikwa panabadilisha maana yake. Hazikuandikwa na wanawali barabarani. Ziliandikwa ndani, na gladieta wenyewe, kwa hiyo ni majigambo au ni mzaha wa wenzao kuwahusu Celadus na Crescens. Anayejua mabweni ya wanaume atapendelea tafsiri ya pili. Nje ya lango la Nocera, mtu mwingine alichora pambano la Marcus Attilius, mwanagenzi katika pambano lake la kwanza, aliyemshinda Hilarus wa shule ya Nero, mkongwe wa mapambano 14. Hilarus aliachwa hai, na herufi moja tu kando ya jina lake yatosha kusema hivyo. Yaelekea jambo hilo lilikuwa la kawaida kwa aliyechora.

Maandishi ya Makaburini

Hata kaburi halikuwa jambo la kudhaniwa tu. Katika mji wa Sassina, mtu aitwaye Horatius Balbus aliwapa wenyeji ardhi ya kuzikia, ila akawatenga waliojikodisha kuwa gladieta, waliojinyonga, na waliojipatia riziki kwa kazi chafu. Kwa hiyo kila jiwe la gladieta ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyehangaika kulipata.

Huko Sicily, gladieta Flamma, Msiria, alikufa akiwa na miaka 30. Jiwe lake linahesabu mapambano 34: ushindi mara 21, sare mara 9, na kusamehewa baada ya kushindwa mara 4. Aliyelisimamisha ni Delicatus, anayejiita mwenzake wa silaha. Hata kama Flamma alianza akiwa na miaka 17, hesabu hii haifiki mapambano matatu kwa mwaka, na siku nyingine zaidi ya mia tatu na hamsini ndizo alizoishi na Delicatus. Linalostaajabisha ni kwamba kushindwa kwake kumeandikwa. Mshairi wa tabaka la juu asingehesabu mara nne ambazo shujaa wake alipiga goti. Delicatus amezihesabu, kwa kuwa katika kazi yao kusamehewa kulikuwa ni aina ya heshima: watazamaji walikuwa wameona mtu anayestahili kuishi.

Jiwe la Urbicus huko Milano ni la namna nyingine. Urbicus alitoka Florence, alikuwa wa nguzo ya kwanza, alipigana mara 13, na alikufa akiwa na miaka 22. Mkewe Lauricia aliishi naye miaka 7. Ina maana waliungana akiwa na miaka 15, kabla au mara tu baada ya kuingia shuleni. Anatajwa pia binti yake Olympias, aliyemwacha akiwa na miezi mitano. Sheria ya Kirumi haikuitambua ndoa ya mtumwa, lakini jiwe linatumia neno mke na neno mume bila kusita, na ni vigumu kuona ni mahali gani pengine neno hilo lingeweza kudaiwa. Glaucus wa Modena, aliyezikwa Verona baada ya kupigana mara 7 na kufa katika pambano la 8, aliwekewa jiwe na mkewe Aurelia pamoja na mashabiki wake. Jiwe hilo linawaonya wasomaji kila mmoja aitafute nyota yake mwenyewe, wala wasimwamini Nemesis, mungu wa kike wa viwanja, kwa sababu ndiye aliyemhadaa marehemu.

La Diodorus, kutoka Amisus katika pwani ya Bahari Nyeusi, ambalo sasa liko Brussels, linakwenda mbali zaidi. Maandishi yake ya Kigiriki yanasema kwamba Diodorus alimshinda mpinzani wake Demetrius na hakumuua papo hapo, kisha akauawa na majaliwa pamoja na hila ya mwamuzi mkuu. Sanamu iliyo juu yake inamwonyesha Diodorus amesimama na panga mbili, na mpinzani yuko chini. Mwaka 2011 Michael Carter alitoa ufafanuzi unaoridhisha: Demetrius alianguka, Diodorus akadhani amesalimu amri, lakini mwamuzi akaamua kwamba lilikuwa anguko la bahati mbaya, akaamuru pambano liendelee. Jiwe, basi, ni rufani. Mchongaji ameagizwa asimamishe wakati kabla ya uamuzi usiokubalika, na ameusimamisha kwa karibu karne kumi na nane.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kujihadhari. Mawe haya yana kaida ya kifasihi iliyo wazi: gladieta hashindwi kwa haki. Anashindwa na majaliwa, na mungu wa kike, na mwamuzi, na ukarimu wake mwenyewe. Ni kaida yenye nguvu sawa na ile ya Cicero, na inaficha mengi. Wale waliokufa katika pambano la kwanza, wasio na fedha, wake wala wenzao, hawana mawe, na ni wao waliojaza hesabu ya Ville. Tena, maneno yaliyo katika nafsi ya marehemu yalitungwa na wengine, pengine na mchonga mawe mwenye mkusanyiko wa misemo tayari. Tofauti na Cicero iko penginepo. Kwa Cicero gladieta anavumilia pigo ili msomaji ajifunze. Kwenye mawe haya pigo halina mafunzo yoyote kwa waungwana. Ni dhuluma, au ajali ya kazini, na lina tarehe, idadi na mjane.

Plutarch, mmojawapo wa wasomi wachache waliowahi kutazama upande huo, anataja karamu waliyoandaliwa gladieta jioni ya kuamkia mapambano. Vyakula vya kila namna vilikuwa mbele yao. Wale waliokuwa Wagiriki, anasema, walipendelea kuitumia saa hiyo kuwakabidhi wake zao kwa marafiki na kuwaachilia huru watumwa wao. Naye analileta jambo hilo kama hoja dhidi ya Waepikuro, kuhusu thamani ya starehe. Lakini ni katika hoja hiyo kwamba Lauricia na Aurelia wanaonekana kwa mara moja nje ya mawe yao, wakikabidhiwa kwa mtu ambaye kesho yake huenda angepangiwa kupigana na mume.

Mstari wa karibu na mwisho kwenye jiwe la Urbicus unamshauri msomaji amuue kila atakayemshinda. Ushauri huo umefasiriwa kuwa ni shutuma: Urbicus alimsamehe mtu, na mtu huyo akarudi kumuua. Lauricia hakuwa akiwaambia maseneta. Walioweza kuutumia ushauri wake walikuwa watu wa kikosi cha mumewe, wale waliokula naye uji, na pengine yule aliyempiga pigo la mwisho akiwa miongoni mwao.